Punje za njano kwenye mahindi meupe: nani kamtawala nani?

Mama mmoja wa Kibosho, Moshi, ameniandikia hivi, nami nimefupisha kidogo:

"Shikamoo mwalimu. Nalima mahindi meupe kwenye shamba letu la chini. Mbegu ni ya kienyeji, niliachiwa na mama mzazi, na kila mwaka natenga mwenyewe. Mwaka huu tulipomenya tukakuta punje za njano katikati ya nyeupe. Hindi moja tatu, jingine kumi, na yale ya mpakani yamezidi. Jirani yangu alipanda ya njano kwa ajili ya kuku wake. Mume wangu anasema mbegu yetu imechoka. Kijana wangu wa kidato cha nne anasema njano inatawala nyeupe, ila nilipomuuliza kwa nini basi hindi lote lisigeuke njano, akanyamaza. Halafu maharage niliyochanganya humo humo, yangu mekundu na ya jirani yana madoa, hayakubadilika hata moja. Sasa nikichagua punje nyeupe tu nikazipanda, njano itarudi?"

Marahaba mama. Nisikuweke roho juu: haitarudi. Punje nyeupe ulizonazo zitazaa nyeupe, na ukiona njano tena mwakani basi ujue imeingia upya kutoka kwa jirani, haikuwa imejificha ndani ya mbegu yako. Mbegu haijachoka. Kijana naye yuko sahihi, ila amefika nusu ya njia, na nusu iliyobaki ndiyo tamu.

Kabla sijaendelea, nikiri kosa langu. Nilipokuwa bwana shamba kijana, vyeti bado vinanukia wino, mzee mmoja wa Machame aliniletea hindi kama hayo yako. Nikamwambia, kwa kujiamini kabisa, kwamba aliyemuuzia mbegu amemchanganyia. Mzee akaenda kugombana na mtu wa watu mbele ya wateja. Wiki iliyofuata mwenzangu mkubwa kazini akanichukua hadi shambani kwa yule mzee, akaniambia nimenye mahindi kuanzia mpakani nikielekea katikati. Mstari wa kwanza njano tele. Nikisogea ndani zinapungua, na katikati ya shamba nilimenya mahindi kadhaa bila kukuta hata moja. Mbegu iliyochanganywa dukani haijui mpaka wa shamba uko wapi. Ingekuwa ni mchanganyiko, ningekuta mimea mizima yenye mahindi ya njano tupu au karibu tupu, imetawanyika ovyo kila kona. Nilimrudia mzee nikamwomba radhi. Yule wa duka sikuwa na uso wa kumwendea.

Sasa tuje kwenye hindi lenyewe. Watu wengi hulihesabu hindi kama mtoto mmoja, kumbe ni mama aliyebeba watoto mia kadhaa mgongoni, na kila mtoto anaweza kuwa na baba wake. Zile ndevu zinazochungulia kwenye ncha, kila uzi mmoja unakwenda kwenye punje yake moja. Chembe ya chavua kutoka kwenye mbelewele, lile ua la kileleni mwa mmea, ikitua kwenye uzi, inachipua kijimrija kinachoteremka ndani ya uzi ule mpaka kwenye kijiyai. Uzi usiopata chavua huacha pengo, ndiyo yale mahindi yenye meno machache kama ya mzee. Kwa hiyo hindi la mpakani lilipokea chavua nyingi kutoka kwenye mbelewele za shamba lako, na chembe chache zilizopeperuka kutoka kwa jirani. Punje kumi za njano maana yake ni nyuzi kumi zilizodaka chavua ya jirani na ikafika. Hapo ndipo kijana alipokwama. Njano imetawala kweli, lakini ndani ya punje moja moja. Haiwezi kuvuka kwenda kuigeuza punje ya pembeni, kama ambavyo ndugu yako akizaliwa na macho ya baba yake, yako hayabadiliki.

Lakini ngoja. Mtoto wa binadamu hujulikana sura akishazaliwa. Kwa nini punje ionyeshe rangi ya baba ikiwa bado iko kwenye hindi la mama, msimu uleule, kabla hata hatujaipanda?

Chembe ya chavua hubeba mbegu mbili za kiume, si moja. Ya kwanza inaungana na yai na kuwa kiini, kile kijisehemu laini kwenye kitako cha punje ambacho baadaye ndicho kinachoota. Ya pili inaungana na chembe mbili nyingine za mama zilizo karibu na yai, na hapo hutokea akiba ya chakula, yaani ule unga mgumu tunaousaga. Utungisho huu wa mara mbili uligunduliwa mwaka 1898 na Sergei Nawaschin, Mrusi, na mwaka uliofuata Mfaransa Léon Guignard naye akauthibitisha. Rangi ya njano ya mahindi imo kwenye ile akiba. Kwa kuwa baba amechangia kuitengeneza, rangi yake inaonekana papo hapo.

Kumbuka hesabu hiyo ya akiba: sehemu mbili za mama, moja ya baba. Tatu kwa jumla. Tutaihitaji.

Rangi yenyewe inatoka wapi? Mmea una jeni inayotoa maelekezo ya kutengeneza kimeng'enya fulani, na kimeng'enya hicho ndicho kinachoanzisha kazi ya kupika rangi ya njano, ndugu wa ile iliyomo kwenye karoti. Mahindi meupe nayo yana jeni hiyo, ila ndani ya akiba ya punje haifanyi kazi. Fikiria chungu cha makande ambacho watu watatu wameambiwa kila mmoja atie chumvi. Wakisahau wote, ni chapwa. Akitia mmoja tu, tayari ukionja unasema yana chumvi. Ndiyo maana ya kutawala: nakala moja ya jeni inayofanya kazi inatosha kuonekana, na zile zisizofanya kazi hazina namna ya kupinga, kwa sababu kutotia chumvi hakuondoi ile aliyotia mwenzako. Sifa inayojificha mara nyingi ni hivyo tu, ni kazi ambayo haikufanyika. Itaonekana siku ambayo hakuna hata mmoja aliyeifanya.

Na makande yaliyotiwa chumvi na mmoja si sawa na yaliyotiwa na watatu. Chukua punje ya njano kwenye hindi lako uiweke kwenye kiganja pamoja na punje ya jirani, nje, kwenye mwanga wa jua. Yako itakuwa imepauka. Ina dozi moja kati ya tatu, ya jirani ina zote tatu. Kwa sababu hiyo usichambue mbegu usiku kwa taa; zile zilizopauka sana zitakupita ukidhani ni nyeupe.

Nadhani umeshaona kwa nini nimekuhakikishia kuhusu nyeupe. Punje ikiwa nyeupe, mama hakutoa njano na baba hakutoa. Ingekuwa kuna nakala ya njano, ingejitangaza. Hakuna pa kujificha. (Kuna kisa kimoja cha nadra, ambapo kiini na akiba ya punje moja hupata baba wawili tofauti, kila kimoja wake. Ukiona mmea mmoja wa ajabu mwakani ndio huo, usiite wazee.)

Anayepaswa kulalamika ni jirani yako. Chavua yako nyeupe nayo ilivuka mpaka ikatua kwenye ndevu zake. Punje alizopata zina sehemu mbili za njano kutoka kwa mama na moja nyeupe kutoka kwako, na kwa macho yetu ni njano, labda hafifu kidogo. Akizitenga mbegu anajiona ana njano safi, kumbe nyingine zimebeba weupe ndani. Msimu ujao mimea ya namna hiyo ikichavushana yenyewe kwa yenyewe, nyeupe zitatokea, na yeye ataapa kwamba hajawahi kupanda nyeupe. Atasema kweli. Mwenye kutunza sifa inayojificha ana kazi rahisi, anachagua kwa jicho na kumaliza msimu mmoja. Mwenye kutunza sifa inayotawala jicho halimsaidii. Lazima apande, aone watoto, ndipo ajue nani kati ya wazazi alikuwa na siri.

Aliyetupa hesabu ya mambo haya ni mtawa, Gregor Mendel, kwenye bustani ya monasteri mjini Brno, ambao leo uko Jamhuri ya Czech. Kuanzia mwaka 1856 alipanda njegere miaka kama minane, akafuatilia sifa saba, mojamoja. Alipochanganya njegere za punje mviringo na za punje zilizokunjamana, watoto wote wakawa mviringo. Alipoacha watoto hao wajichavushe, wajukuu wakaja 5,474 mviringo na 1,850 waliokunjamana. Gawanya uone: karibu tatu kwa moja. Njano na kijani ya njegere, 6,022 kwa 2,001. Tatu kwa moja tena. Alitoa matokeo mwaka 1865, yakachapishwa 1866, na dunia ikayapuuza hadi mwaka 1900, yeye akiwa amekwisha kufa. Mkunjamano wenyewe ulikuja kueleweka mwaka 1990: jeni ya kimeng'enya kimoja kinachosaidia kutengeneza wanga imekatizwa na kipande cha kigeni kilichojipachika katikati yake. Wanga unapungua, sukari na maji vinazidi, punje ikikauka inasinyaa. Chumvi haikutiwa, kama kwenye chungu chetu.

Kwa nini tatu kwa moja? Mmea wenye nakala mbili tofauti humpa kila mtoto moja tu, kwa bahati, kama kurusha shilingi. Wazazi wote wawili wakiwa wa aina hiyo, unarusha shilingi mbili. Mara moja kati ya nne zote mbili zinaangukia upande uleule wa kujificha. Tatu zilizobaki kuna angalau nakala moja inayotawala.

Maharage sasa. Yamekunyima mabadiliko kwa sababu mbili. Kwanza, ua la harage linajichavusha lenyewe kabla hata halijafunguka vizuri, kwa hiyo nyuki anapofika ndoa imeshafungwa. Kuchanganyika hutokea, lakini kidogo. Pili, hata kama ua moja lilichanganyika, rangi ya harage imo kwenye ganda, na ganda ni mwili wa mama, halina cha baba. Baba angeonekana msimu wa pili, pale mtoto akikua na kutengeneza maganda ya mbegu zake. Kwa mantiki hiyohiyo, mahindi yale ambayo wekundu wake uko kwenye ganda la nje ukiyachavusha kwa chavua nyeupe, hindi linabaki jekundu zima. Kabla ya kuuliza baba ni nani, uliza rangi iko kwenye tabaka lipi.

Hapa nataka nikutahadharishe na neno lenyewe, "kutawala". Kila nikilisema darasani naona watu wanawaza mwenye nguvu, mwenye wingi, bora. Sivyo. Angalia mashamba ya Kilimanjaro na Arusha yote: nyeupe imejaa, njano ya kutafuta, ilhali nyeupe ndiyo inayojificha. Imejaa kwa sababu sisi ndio tunaoitenga na kuipanda. Wazee bado wanakumbuka ugali wa njano wa miaka ya shida, waliouita "yanga", na kumbukumbu hiyo imefanya kazi kubwa kuliko jeni yoyote, ingawa ile njano ndiyo ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, na nyeupe haina karibu chochote.

Ufupi je? Katika njegere za Mendel ufupi hujificha, urefu unatawala. Katika kahawa ni kinyume: ufupi wa Caturra, aina ya kahawa iliyotokana na nyingine iitwayo Bourbon huko Brazil, ndio unaotawala. Hakuna kanuni kwamba kirefu hushinda.

Na kwa kuwa uko Kibosho, najua kihamba chako, lile shamba la nyumbani, hakikosi kahawa, kwa hiyo nikupe mfano wa nyumbani. Chulebuni unaufahamu, ule ugonjwa wa kahawa unaoozesha matunda mabichi yakawa meusi. Aina ya K7, iliyochaguliwa Kenya, ina ukinzani unaotokana na jeni inayojificha. Rume Sudan, yenye asili ya nchi ambayo leo ni Sudan Kusini, ina inayotawala pamoja na hiyo inayojificha. Kwa mtafiti tofauti hiyo ni ya miaka. Ukinzani ukiwa wa kutawala, unachanganya na mti dhaifu na watoto wa kwanza tayari wanaonyesha. Ukiwa wa kujificha, watoto wote wa kwanza wanaugua kama yule mzazi dhaifu, na mtu asiyejua angewang'oa akasema jaribio limeshindwa. Inabidi uwaache, uwachavushe wenyewe kwa wenyewe, usubiri wajukuu, utafute mmoja kati ya wanne. Mkahawa unachukua kama miaka mitatu kuzaa. Piga hesabu ya umri wa mtu.

Ndiyo maana pia kahawa chotara zilizotoka kwenye utafiti pale Lyamungu, kwa watu wa TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa Tanzania, tunazipata kama miche iliyozalishwa kwa vipandikizi na hatuambiwi tukapande buni zake. Kipandikizi ni mti uleule. Buni ya chotara ni kurusha shilingi upya, kwa kila jeni, na baadhi ya watoto watakosa ule ukinzani uliokufanya uipende. Mgomba hauna shida hii. Chipukizi ni mgomba uleule, wa bibi yako na wa bibi yake.

Mahindi chotara ya dukani ni habari hiyohiyo. Mbegu yenyewe ikipandwa inatoka sawa kama askari wa gwaride. Ukitenga kutoka kwenye hayo mahindi ukapanda tena, gwaride linavunjika: mmoja mrefu, mmoja mfupi, mwingine anachelewa kutoa mbelewele. Hakuna aliyeiroga. Siri za wale wazazi wawili ndizo zinajitokeza.

Hilo linanirudisha kwenye shamba lako, na kwenye jambo ambalo hukuuliza. Njano imekusaidia. Imekuwa kama rangi aliyotia mtu kwenye maji ya mfereji uone yanaingilia wapi. Chavua ya jirani wa kuku umeiona kwa sababu ina rangi. Je, wa upande wa pili, aliyepanda chotara jeupe? Nayo imeingia, kwa kiasi kinacholingana na umbali na upepo, na hakuna punje itakayokuonyesha. Ukitenga mbegu kwenye mistari ya mpakani, hata zile nyeupe tupu, baadhi ni nusu za huyo jirani wa pili. Kama unataka mbegu ya mama yako ibaki ya mama yako, tenga kutoka katikati ya shamba tu, na kutoka kwenye mimea mingi, angalau mia na zaidi ukiweza, maana ukichukua mahindi matano mazuri ya kila mwaka mbegu hudhoofika kwa kuzaliana ndugu kwa ndugu. Mume wako aliposema "imechoka", hiyo ndiyo hali inayofanana na anachokisema, lakini haileti punje za njano.

Wazalishaji wa mbegu hutenganisha mashamba ya mahindi kwa mita 200 au zaidi. Kwa vipande vyetu vya ardhi hilo ni ndoto. Lililowezekana kwa watu niliowahi kuwashauri ni kuongea na jirani mapema, mmoja apande wiki tatu au nne nyuma ya mwenzake, ili mbelewele za huyu zimwage chavua wakati ndevu za yule zimeshakauka au hazijatoka. Masika ikichelewa mpango huu huvurugika, kwa sababu kila mtu anakimbilia mvua siku moja.

Kijana naye mpe kazi. Apande punje tano za njano kutoka kwenye mahindi yako, pembeni, karibu na nyumba. Hindi likianza kuchomoza, kabla ndevu hazijatoka, alifunike kwa mfuko wa karatasi. Ndevu zikishatoka ndani ya mfuko, afunge mfuko mwingine kwenye mbelewele ya mmea uleule jioni, na kesho yake asubuhi umande ukikauka aitikise, akusanye ile chavua, aimwage kwenye ndevu za mmea huohuo na kufunika haraka. Avune, apukuchue, ahesabu. Hindi likiwa na punje 400, njano zitakuwa karibu 300 na nyeupe karibu 100. Zikija 290 na 110 asihangaike, shilingi ni shilingi. Akiwa na macho makali atatenganisha hata zile njano kwa makundi matatu, kuanzia iliyokolea hadi iliyopauka, dozi tatu, dozi mbili, dozi moja, kila kundi karibu robo ya hindi.

Zile za njano zilizobaki usizitupe wala usizipande. Tia kwenye makande, au mpelekee jirani kuku wake wale. Kiini cha yai kitakolea rangi, na huenda mkapata nafasi ya kuzungumzia tarehe za kupanda.